Tilyou: Mwasisi wa bustani ya vicheko aliyetoza kiingilio hata majivuni

JUMATATU ya Julai 29, 1907, watu waliofika katika ufuo wa Coney Island, kusini mwa Brooklyn nchini Marekani, walikuta moshi ungali unafuka mahali palipokuwa na bustani ya burudani iliyovuma kote nchini humo. Moto uliozuka siku iliyotangulia ulikuwa umeteketeza karibu kila kitu, kuanzia kumbi za michezo hadi vibanda vya wachuuzi.

Hata hivyo, palikuwa na bango jipya. Mwenye mali, George Cornelius Tilyou, aliujulisha umma kwamba shida zake za jana zilikuwa zimekwenda na moto, na kwamba sasa alikuwa na shida nyingine mpya. Aliahidi kujenga papo hapo bustani kubwa na nzuri kuliko ile ya awali. Mwisho wa tangazo akaweka bei. Yeyote aliyetaka kuingia kuyatazama magofu yaliyokuwa yakiungua alitakiwa kulipa senti 10.

Wengi wamelisimulia tukio hilo kama mzaha wa mfanyabiashara mjanja. Lakini kwa waliomfahamu Tilyou tangu utotoni, hapakuwa na la kushangaza. Huyo alikuwa mtu aliyewahi kupokonywa alichokuwa nacho miaka 20 awali, na safari hiyo hakuponzwa na moto. Aliponzwa na kusema ukweli.

Mchanga uliouzwa kwa senti

Tilyou alizaliwa mwaka wa 1862 jijini New York. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi, babake, Peter Tilyou, alikodi kipande cha ardhi Coney Island na kujenga hoteli ndogo iliyoitwa Surf House. Wageni waliofika kuoga baharini walikodishiwa mavazi ya kuogelea na kuandaliwa supu ya kombe.

Wakati huo Coney Island haikuwa sehemu ya jiji. Ilikuwa chini ya Gravesend, mji mdogo uliokuwa karibu na Brooklyn. Sehemu kubwa ya ufuo ilikuwa mchanga mtupu, vichaka na upepo wa Bahari ya Atlantiki. Reli na meli za mvuke ndizo zilizoanza kuwaleta wakazi wa New York waliokimbia joto la kiangazi.

Mnamo mwaka wa 1876, Marekani iliadhimisha miaka 100 ya uhuru wake kwa maonyesho makubwa mjini Philadelphia. Wageni kutoka majimbo ya ndani, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona bahari, walipitia Coney Island. Kijana Tilyou, akiwa na umri wa miaka 14, alitambua kwamba watu hao wangependa kurudi kwao na ushahidi wa safari.

Alijaza maji ya chumvi katika chupa na kutia mchanga katika masanduku ya sigara, kisha akaviuza kwa senti 25 kila kimoja. Siku ya kwanza alitia kibindoni zaidi ya dola 13, kiasi kikubwa kwa mtoto wa enzi hizo. Fedha hizo alizitumia kwenda Philadelphia kujionea maonyesho yenyewe.

Akili ni mali, wahenga walinena, na kisa hicho kinathibitisha neno lao. Kila aliyesimama ufuoni angeweza kuinama na kuuokota mchanga huo bila ya malipo. Alichokiuza mvulana yule kilikuwa kumbukumbu, na somo hilo aliliweka moyoni maisha yake yote.

Alipotimu miaka 17 alijitosa katika biashara ya ardhi na kukodisha maeneo ya ufuo. Miaka michache baadaye, mnamo 1882, yeye na babake walijenga ukumbi wa maonyesho uliofahamika kama Surf Theatre. Ujia wa mbao walioutandaza kuwarahisishia watu njia juu ya mchanga ulizaa mtaa mzima wa starehe ulioitwa Bowery.

Kigogo wa Gravesend

Gravesend ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, John Y. McKane. Alikuwa msimamizi wa mji, na wakati uo huo mkuu wa polisi. Jumapili alionekana kanisani akisimamia mafunzo ya watoto. Siku nyingine aliwakodishia marafiki zake ardhi ya umma kwa bei ya kutupa na kuyakingia kifua madanguro na nyumba za kamari, mradi wenyewe watoe chochote.

Uchaguzi wa Gravesend nao ulikuwa kichekesho. Orodha ya wapigakura ilijaa majina mengi kuliko wakazi waliostahili kupiga kura. Kwa kuwa kura hizo zilimfaidi mwanasiasa yeyote ambaye McKane alimuunga mkono, wakubwa wa Brooklyn na wa jimbo la New York walijifanya vipofu.

Mnamo 1887, bunge la jimbo liliunda kamati ya kuchunguza maovu hayo. Wafanyabiashara wengi wa Coney Island walijua kila kitu, lakini waliufyata. Tilyou na babake ni miongoni mwa wachache waliojitokeza kutoa ushahidi dhidi ya kigogo huyo, na George hakuficha jina wala mahali.

Uchunguzi ulikamilika, ripoti ikaandikwa, na McKane akabaki kitini. Hapo ndipo kitumbua cha familia ya Tilyou kilipoingia mchanga. Peter Tilyou alipoteza hoteli yake na kulazimika kuondoka Coney Island. Mwanawe alibaki, lakini biashara alizokuwa amezijenga kwa miaka mingi zilimtoka mkononi. Akiwa na umri wa miaka 25, alirudi alikoanzia.

Alilazimika kusubiri miaka sita kabla ya haki kutendeka. Katika uchaguzi wa Novemba 1893, wafuasi wa McKane waliwapiga na kuwakamata waangalizi waliofika Gravesend wakiwa na amri ya mahakama. Safari hii hata marafiki zake hawakuweza kumwokoa. Februari 1894 alipatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo cha miaka sita katika gereza la Sing Sing. Mwaka huo huo, mji wa Gravesend uliunganishwa na Brooklyn, na ufalme wake ukafikia kikomo.

Gurudumu la Chicago

Mwaka wa 1893 ulikuwa wa heri kwa Tilyou kwa sababu nyingine pia. Alimwoa Mary O'Donnell, na wawili hao wakaenda kula fungate yao mjini Chicago, kulikokuwa na Maonyesho ya Dunia. Huko aliliona gurudumu kubwa la chuma lililobuniwa na mhandisi George Ferris, lenye urefu wa takriban mita 80, likiwapandisha watu angani na kuwateremsha.

Tilyou alitaka kulinunua, ila hakufua dafu. Badala ya kukata tamaa, aliagiza gurudumu jingine lisilofikia hata nusu ya lile kwa urefu, kisha akarejea Coney Island na kusimamisha bango kwenye kiwanja kitupu. Bango hilo lilitangaza kwamba hapo ndipo patakapojengwa gurudumu kubwa kuliko yote duniani.

Madai hayo hayakuwa ya kweli, na ni vyema kukiri kwamba mtu aliyehatarisha mali yake kwa kusema ukweli mbele ya kamati ya bunge hakuona ubaya wa kutia chumvi kwenye matangazo ya biashara. Hata hivyo, mbinu hiyo ilifaulu. Wachuuzi walikimbilia kukodi nafasi kando ya gurudumu ambalo lilikuwa bado halijafika, na kodi yao ikamsaidia kulilipia.

Gurudumu lilipoanza kuzunguka mwaka wa 1894, likiwa limepambwa kwa mamia ya taa za umeme, likawa kivutio kikuu cha ufuo. Tilyou akaongeza michezo mingine, lakini ilikuwa imetawanyika hapa na pale, katikati ya matapeli, wacheza karata na wezi wa mifukoni waliomharibia wateja.

Jibu alilipata kwa jirani. Mnamo 1895, mwogeleaji mashuhuri Paul Boyton alifungua Sea Lion Park, bustani iliyozungushiwa ua na kutoza kiingilio mlangoni. Tilyou aliiga wazo hilo na kuliboresha. Mwaka wa 1897 alikusanya michezo yake ndani ya ua mmoja, na hapo ikazaliwa Steeplechase Park.

Farasi wa mbao

Jina la bustani lilitokana na mchezo wake mkuu, uliobuniwa na Mwingereza J.W. Cawdery. Farasi wa mbao walipangwa sambamba juu ya reli za chuma zilizopanda na kushuka kama vilima. Hapakuwa na injini ya kuwaendesha mashindanoni. Waliachiliwa kutoka juu, wakateremka kwa uzito wao, wakaruka kijito na vizuizi hadi mwisho wa njia.

Siri ya mchezo huo ilikuwa tandiko. Kila farasi aliweza kubeba watu wawili, na katika enzi ambapo mvulana na msichana hawakuruhusiwa hata kushikana mikono hadharani, farasi wa Tilyou aliwapa sababu halali ya kukumbatiana mbele ya kadamnasi. Vijana waliofanya kazi viwandani na madukani juma zima walipanga foleni kwa saa nyingi.

Waliposhuka, walijikuta katika mtego. Njia ya kutokea ilipitia jukwaani. Hapo mchekeshaji aliyejipaka rangi usoni aliwakimbiza, na upepo mkali ukafumuka kutoka sakafuni na kupeperusha kofia za wanaume na magauni ya wanawake. Mbele yao palikuwa na ukumbi uliojaa watu wakiangua vicheko.

Baada ya fedheha hiyo fupi, waathiriwa waliruhusiwa kuketi ukumbini na kuwacheka waliofuata. Kwa vipimo vya leo, baadhi ya mizaha hiyo, hasa ile iliyowalenga wanawake, ingehesabiwa kuwa udhalilishaji. Lakini hapo ndipo palipokuwa na ugunduzi mkubwa wa Tilyou. Aling'amua kwamba hakuhitaji kuwalipa waigizaji wengi, kwa kuwa wateja wenyewe ndio waliokuwa tamasha, na kila mmoja alilipa ili acheke na achekwe.

Michezo mingine ilifuata mkondo huo. Palikuwa na sahani pana ya mbao iliyozunguka kwa kasi na kuwasukuma pembeni wote walioketi juu yake. Palikuwa pia na pipa kubwa lililobingirika, ambamo watu wasiojuana walianguka na kurundikana pamoja. Kwa senti 25, mgeni alipewa tiketi moja iliyomruhusu kuonja michezo mbalimbali, na ilitobolewa kila alipoingia mchezo mmoja.

Nembo ya bustani ilikuwa sura ya mtu anayekenua, mwenye mdomo mpana ajabu na meno yasiyohesabika. Sura hiyo iliwapokea wageni kwenye lango na kwenye matangazo, na wakazi wa New York waliifahamu kama wanavyofahamu sura ya jirani.

Washindani wawili

Mnamo 1901, Tilyou alizuru maonyesho ya mjini Buffalo na kuvutiwa na mchezo ulioiga safari ya mwezini. Aliwaalika wenyewe, Frederic Thompson na Elmer Dundy, kuuleta Steeplechase katika msimu wa 1902. Mvua zilinyesha mfululizo kiangazi hicho na mapato yakapungua. Msimu ulipokwisha, Tilyou alitaka fungu kubwa zaidi la mapato. Wawili hao wakakataa na kufunganya virago.

Hawakwenda mbali. Walichukua mahali palipokuwa pa Boyton, na Mei 1903 wakafungua Luna Park, bustani iliyowaka taa za umeme zaidi ya 200,000 usiku kucha. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Dreamland, iliyojengwa kwa majumba meupe na mnara mrefu. Ghafla, Steeplechase ilionekana kama kibanda kando ya makasri.

Wengi walitarajia kwamba Tilyou angezikwa na washindani hao. Badala yake, alishikilia bei ya chini na wateja wake wa kawaida. Luna na Dreamland ziliuza ajabu za kutazamwa, na ajabu ikishatazamwa mara mbili huwa si ajabu tena. Steeplechase iliuza watu kwa watu, na bidhaa hiyo haikuchakaa.

Kisha ukaja moto wa Julai 1907.

Ahadi iliyoandikwa kwenye bango haikuwa maneno matupu. Bustani ilifunguliwa tena mwaka wa 1908. Katikati yake Tilyou alisimamisha jumba kubwa la chuma na vioo, lililoitwa Banda la Furaha. Humo ndani michezo iliweza kuendelea hata mvua ikinyesha. Funzo la kiangazi cha 1902 lilikuwa limemwingia, na vilevile funzo la moto, kwa kuwa chuma hakiungui kama mbao.

Miaka minne baada ya moto wa Steeplechase, yaani Mei 1911, Dreamland nayo iliteketea usiku wa kuamkia ufunguzi wa msimu. Wenye Dreamland hawakuijenga tena. Kati ya bustani hizo mbili zilizopatwa na janga moja, ni moja tu iliyokuwa na mwenyewe aliyezoea kuanza upya.

Urithi na kuuzwa

Tilyou aliaga dunia Novemba 30, 1914, akiwa na umri wa miaka 52. Kufikia wakati huo alikuwa amepanua biashara hadi Rockaway na Atlantic City, na jina lake lilikuwa limekuwa sehemu ya Coney Island yenyewe. Usimamizi uliwaangukia mkewe na wanawe, akiwemo Edward, ambaye alikuwa bado kijana mdogo.

Warithi hao waliiendesha bustani kwa nusu karne. Mwaka wa 1920, treni za jiji zilifika ufuoni kwa nauli ya senti tano, na siku za joto kali watu walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mnamo 1941, familia ilinunua mnara wa parachuti, wenye urefu wa zaidi ya mita 76, uliotumika katika Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1939, na kuusimamisha kando ya bahari.

Si kila mtu aliyekaribishwa katika furaha hiyo. Kama ilivyokuwa katika bustani nyingi za Marekani za nyakati hizo, Wamarekani weusi walibaguliwa Steeplechase, hasa kwenye bwawa la kuogelea. Doa hilo haliwezi kufutwa katika historia ya mahali palipojitangaza kuwa pa kila mtu.

Luna Park iliungua mwaka wa 1944 na haikuinuka tena. Steeplechase ikabaki peke yake. Lakini nyakati zilikuwa zimebadilika. Familia zilinunua magari na kwenda mbali kutafuta burudani, televisheni ikawaweka wengine nyumbani, na hofu ya uhalifu ikawazuia wageni wa usiku. Septemba 1964, milango ya Steeplechase ilifungwa, na bintiye Tilyou, Marie, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele katika uamuzi huo.

Mwaka uliofuata, ardhi iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni mbili kwa mjenzi Fred Trump, baba yake Donald Trump aliyekuja baadaye kuwa rais wa Marekani. Trump alinuia kujenga majumba marefu ya makazi mahali hapo. Baadhi ya wenyeji walitaka jumba la vioo lihifadhiwe, na jiji la New York lilikuwa limepitisha sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mnamo 1965. Sheria hiyo haikuliokoa.

Septemba 1966, Trump aliandaa sherehe ya kubomoa. Wageni waalikwa walipewa matofali na kuhimizwa kuyarusha kwenye vioo vilivyochorwa ile sura yenye kicheko. Muda mfupi baadaye jumba zima lilikuwa chini. Majumba ya makazi hayakujengwa, kwani mjenzi hakupata idhini ya kubadilisha matumizi ya ardhi, na mnamo 1969 eneo hilo likachukuliwa na serikali ya jiji.

Kwa miaka mingi kiwanja kilibaki tupu. Mwaka wa 2001 ulifunguliwa uwanja wa besiboli mahali ambapo farasi wa mbao walikuwa wakiteremka. Mnara wa parachuti ulitangazwa kuwa jengo la kihistoria mwaka wa 1989, na ungali umesimama hata baada ya michezo mingine yote ya Steeplechase kutoweka.

Maisha ya Tilyou yana fumbo lake. Kigogo wa Gravesend alimnyang'anya riziki, naye akasubiri hadi kigogo alipoanguka. Mvua, washindani na moto vilimjia kwa zamu, na kila mara alitafuta la kuuza katika kilichosalia. Kilichoiangusha bustani yake hatimaye kilikuwa mkataba wa mauziano uliotiwa sahihi kihalali, wakati ambapo mtu wa kusimamisha bango asubuhi ya pili hakuwapo tena.